Intaneti ya nyumbani inafungua baadhi ya saiti tu, nyingine zinazunguka mpaka basi. Msaada wakuu

Dada Mahesabu, Alhamisi saa 2:14 usiku

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada maana leo siku ya nne nahangaika na hii kitu na kichwa kishaanza kuuma. Nipo Tabata, nyumbani tuna faiba, ile waya unaingia ndani kwenye kiboksi cheupe halafu kutoka hapo ndo unaenda kwenye ruta. Wiki iliyopita umeme ulikatika ukarudi na nguvu zake ukaondoka na ruta pamoja na chaja ya simu, nikaenda Kariakoo mtaa wa Aggrey nikanunua ruta nyingine, mdogo wangu akaja Jumapili kuifunga, akaingiza ile yuza nemu na pasiwedi ya mtandao, taa zote zikawaka kijani tukashangilia.

Sasa tatizo ni hili. Google inafunguka. YouTube inacheza HD haikwami hata sekunde. WhatsApp hamna shida. Ila benki yangu haifunguki kabisa, portal ya mambo ya kodi inafunguka nusu yani unaona ule mstari wa rangi wa juu basi, magazeti moja linafunguka jingine linazunguka dakika nzima halafu brauza inasema saiti imechelewa kujibu. Barua pepe ya ofisini nikiandika maneno matupu inaenda, nikiambatanisha PDF hata ya kurasa 3 inaganda hapo hapo. Na nikiwasha hotspoti ya simu, laptopu hiyo hiyo, kila kitu kinafunguka kama kawaida!!

Nshazima na kuwasha, nshajaribu Chrome na Firefox, nshafuta kashe, simu ya mwanangu kwenye waifai hiyo nayo ina ugonjwa ule ule. Huduma kwa wateja nimepiga mara tatu, wananiambia "mama laini yako tunaiona iko hewani, spidi yako iko sawa", na kweli nikipima spidi inakuja 20 kamili niliyolipia. Mi nafanya mahesabu ya watu hapa nyumbani, ritani zina tarehe, siwezi kila siku kula bando la simu na faiba nimelipia mwezi mzima.

Mzee wa Bando, saa 2:31

DNS hiyo. Weka 8.8.8.8 na 1.1.1.1 utakuja kunishukuru.

Chumvi Nyingi, saa 2:40

Si ajabu waya wa baharini umekatika tena. Mnakumbuka ule mwezi Mei 2024 tulivyokaa gizani? Mimi nilikuwa natuma meseji asubuhi inafika mchana. Au kama saiti yenyewe isiyofunguka ni X (zamani Twitter) basi hiyo usihangaike na ruta dada yangu, ilifungiwa nchini 2025, sababu yake unaijua 😂

Dada Mahesabu, saa 2:52

@Mzee wa Bando nimeweka zote mbili kwenye laptopu, hali ile ile. @Chumvi X hata situmii mwenzio, nataka benki.

Kibatari, saa 3:20

Dada pole. Kabla watu hawajakupeleka huku na huku, tuondoe kwanza yasiyokuwepo.

Waya wa baharini siyo. Ule wa tarehe 12 Mei 2024 zilikatika nyaya za EASSy na Seacom kwa pamoja, na ni kweli YouTube kwa baadhi ya watu iliendelea kupumua kwa sababu Google wana seva zao za kuhifadhia video ndani ya mitandao ya huku huku, lakini siku ile na bando za simu zililia. Wewe hotspoti yako inafungua kila kitu, kwa hiyo huko baharini kupo salama.

DNS nayo nina mashaka. DNS ni kitabu cha namba za saiti tu, ikikosea brauza inakwambia fasta kwamba saiti haijapatikana. Wewe saiti inapatikana, inaanza hata kuchora rangi, halafu inakata pumzi katikati. Huo ni ugonjwa mwingine.

Nifanyie mambo mawili kwenye laptopu ukiwa kwenye faiba, siyo hotspoti. La kwanza nenda test-ipv6.com uniambie inasemaje. Nauliza hivyo kwa sababu kuna ugonjwa mmoja unafanana sana na wako, anwani za intaneti zipo aina mbili, IPv4 ya zamani na IPv6 mpya, sasa IPv4 inakufa inabaki IPv6 peke yake, basi Google, YouTube na Facebook zinafunguka maana zipo kote kote, ila saiti zetu nyingi za huku hazina IPv6 zinabaki zinazunguka. La pili bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, halafu andika hivi kama ilivyo:

ping -f -l 1472 1.1.1.1

Ping inatuma kifurushi cha majaribio na kusubiri jibu, hiyo namba ndo ukubwa wake. Hiyo -l ni herufi ya L ndogo siyo moja. Halafu rudia ukibadili 1472 uweke 1464, halafu 1400. Niletee majibu yote matatu.

Pwani Mchanganyiko, saa 3:33

Mie huku Mombasa ilinipata kama hii, kumbe ni saa ya laptopu. Kibetri cha ndani kilikuwa kimekufa, kila nikiwasha mashine yarudi nyuma miaka, basi saiti za https zote zakataa kwa sababu cheti cha saiti kinaonekana bado hakijaanza kazi. Hebu angalia tarehe yako hapo chini kwenye kona dadangu.

Kibatari, saa 3:41

Wazo zuri ila saa ikikosea brauza inakuja na onyo kubwa kwamba muunganisho si salama, haizunguki kimya kimya. Na simu ya mtoto nayo isingeugua, na hotspoti isingemponya.

Dada Mahesabu, Ijumaa saa 12:50 asubuhi

Asante kaka Kibatari, jana umeme ulikatika tena (ndo kwetu huku) nimeamka mapema kabla watoto hawajaenda shule. Tarehe ipo sawa.

Ile saiti ya vipimo imesema IPv6 sina kabisa, IPv4 ninayo nzima. Kwenye ping sasa:

1472 imesema Request timed out, mara nne zote.
1464 imejibu, mara nne zote.
1400 imejibu.

Nikajiongeza nikaweka 1465, Request timed out. Yani 1464 inapita 1465 haipiti!! Hii maana yake nini?

Kibatari, saa 1:35 asubuhi

Dada umeimaliza kazi mwenyewe, hiyo 1465 wala sikukutuma.

Ngoja nieleze maana kuna watu humu wanabadili DNS kila wakiumwa jino. Data haiendi kama maji ya bomba, inaenda kwa vifurushi, na mtandao wa kawaida kifurushi kikubwa kabisa ni baiti 1500. Ukubwa huo ndo unaitwa MTU. Ulipoandika 1472 hizo ni baiti za mzigo, ongeza 28 za vichwa vya ping unapata 1500. Sasa faiba yako inaingia kwa yuza nemu na pasiwedi, hiyo inaitwa PPPoE, na PPPoE inakula baiti 8 za kwake kwenye kila kifurushi. 1500 toa 8 unabaki na 1492. Toa zile 28, unapata 1464. Ndo namba yako, haijapungua wala kuzidi. Kwa hiyo njia yako inapitisha 1492 mwisho, ila kuna kifaa hapo ndani kinaamini njia ni 1500.

Shida yenyewe siyo kwamba njia ni nyembamba, njia nyembamba zipo kibao na watu wanaishi. Shida ni kwamba hamna anayesema. Chukulia umetuma mzigo kwa basi kwenda Mbeya, umeandika juu usifunguliwe (ndo ile -f kwenye ping), ukafika getini haupiti. Konda anatakiwa apige simu "dada mzigo mkubwa, gawa mara mbili". Hapo kwako konda kautelekeza pembeni ya barabara kimya kimya, wewe unasubiri, mpokeaji anasubiri. Ungekuwa na ruta inayojua ukubwa wa njia yake, ping ya 1472 isingejibu Request timed out, ingekwambia wazi kifurushi kinahitaji kugawanywa. Huo ukimya ndo umenionyesha ugonjwa.

Sasa kwa nini baadhi ya saiti tu. Ukifungua benki, salamu za mwanzo ni vifurushi vidogo, vinapita. Halafu seva ya benki inatuma cheti chake cha usalama, hicho ni kizito, kinakuja kwenye vifurushi vya 1500 vilivyojaa mpaka juu. Vikifika kwa mtoa huduma wako haviingii kwenye ile njia ya 1492, mtambo pale unairudishia seva ujumbe wa ICMP kwamba punguza. Seva zinazousikiliza zinapunguza, saiti inafunguka. Ila kuna mafundi wa seva wameziba ICMP yote kwa kuamini ndo usalama, na benki na ofisi nyingi wana huo ugonjwa, kwa hiyo ujumbe unagonga ukuta, seva inarudia kutuma kifurushi kile kile kikubwa na kinatupwa tena na tena mpaka brauza ikate tamaa. YouTube na Google kwenye Chrome zinatumia njia yao inaitwa QUIC, vifurushi vyake vinaanzia baiti 1200 na ushee, havigusi hata pembe za mlango. Meseji ya WhatsApp ndo kabisa. Na PDF yako inaganda kwa sababu hapo ni wewe unayetuma vikubwa.

Ugonjwa wenyewe ni wa zamani, PPPoE iliandikwa 1999 na mwaka uliofuata tu watu walikuwa washaandika kuhusu haya mashimo meusi, yani njia inayomeza vifurushi kimya kimya.

Dawa: ingia kwenye ruta, sehemu ya WAN (upande wa intaneti), kwenye mipangilio ya PPPoE tafuta MTU. Nina uhakika utakuta 1500. Weka 1492, hifadhi, ruta iwake upya.

Mzee wa Bando, saa 1:50

Jino tena kaka 😅 haya nimekoma.

Dada Mahesabu, saa 2:05 asubuhi

Kaka nimeelewa mpaka nimecheka kwenye konda. Ila ruta pasiwedi yake ya kuingilia ndani aliweka mdogo wangu na yeye kasharudi Dodoma, yupo kazini simu haipokei mpaka mchana. Na leo Ijumaa nina ritani ya mtu. Nikiiriseti si itafuta na ile yuza nemu?

Kibatari, saa 2:12

Usiiriseti!!! Utabaki huna kitu kabisa. Ipo njia ya kuponya laptopu peke yake wakati unamsubiri. Tafuta cmd tena ila safari hii bonyeza kulia uchague ile ya Run as administrator. Kwanza andika

netsh interface ipv4 show subinterfaces

itakupa orodha, angalia jina la waifai yako lilivyoandikwa, mara nyingi ni Wi-Fi. Halafu

netsh interface ipv4 set subinterface "Wi-Fi" mtu=1492 store=active

Hiyo active maana yake ukizima laptopu inajifuta, kwa hiyo huwezi kuharibu. Laptopu ikijua mwisho wake ni 1492, inaziambia seva mapema kwenye salamu zisitume vikubwa, wala haihitaji konda.

Dada Mahesabu, saa 2:26

WAKUU. Nimebonyeza Enter, imesema Ok., nikarudi kwenye tabu ya benki iliyokuwa inazunguka tangu saa moja nikairifresh, imefunguka kabla sijatoa mkono kwenye mausi. Portal imefunguka mpaka chini kwenye anwani yao. PDF imeenda. Simu ya mtoto niliyoiacha makusudi ipo hapa mezani bado inazunguka na benki ile ile, waifai ile ile, nimeziweka pembeni pembeni nazitazama kama mpira.

Ngosha wa Nyaya, saa 2:58

Hongera dada. Mimi nafunga mitandao, ningekushauri kwenye ruta weka 1400 kabisa ulale usingizi, huko mbele usikojua kunaweza kuwa na kwembamba zaidi.

Kibatari, saa 3:10

Ngosha 1400 itafanya kazi sikatai, ila kapima mwenyewe mwisho ni 1492, kwa nini apunguze zaidi? Hiyo ni kununua suruali ndefu ukaikata magotini ili isiguse matope. Hasara ya spidi ni ndogo hataiona, ila mimi napenda namba iliyopimwa. Kwenye ruta akikuta sehemu imeandikwa MSS clamping aiwashe, yani ruta yenyewe inaziambia seva kwenye salamu mwisho wa mzigo ni upi, kwa 1492 itakuwa 1452. Hiyo ndo inasaidia simu na TV zote bila kugusa kimoja kimoja. Ruta nyingi za nyumbani zinafanya zenyewe mradi MTU iwe sahihi.

Ngosha wa Nyaya, saa 3:15

Nakubali. Mimi ni uvivu wa kurudi kwa mteja mara mbili tu.

Dada Mahesabu, saa 10:40 jioni

Mrejesho. Mdogo wangu kapokea simu. Nikamuuliza kwa upole kabisa, hivi kwenye ruta kuna mahali uliandika namba? Kimya. Halafu anasema "dada ilikuwa imeandikwa 1480 nikaona ndogo, nikaongeza iwe 1500 ili mtandao uwe na spidi." Eti aliona video moja mtandaoni. Kanitumia pasiwedi, nikaingia, nikaikuta hiyo 1500 imekaa inanitazama. Nimeweka 1492, ruta ikazima taa zote roho ikaniruka, baada ya kama dakika mbili zikarudi. Simu ya mtoto inafungua benki, TV inafungua, ping ya 1472 sasa inaniambia kifurushi kinahitaji kugawanywa kama ulivyosema, konda kaanza kupiga simu.

Kaka Kibatari Mungu akubariki, ukipita Tabata chai ipo.

Pwani Mchanganyiko, saa 11:05 jioni

Naulizia hapo hapo nisifungue swali jingine. Mie natumia VPN ya WireGuard ya kazini, nyumbani kwangu pia ni PPPoE. Saiti za kawaida zote zafunguka ila nikiwasha VPN, mafaili ya ofisi yaanza kushuka halafu yasimama. Ni mdudu huyu huyu?

Kibatari, saa 11:22

Ndugu yake wa damu. WireGuard kawaida inajiwekea 1420, hesabu yake imeanzia 1500 ikatoa 80 za vichwa vyake. Wewe unaanzia 1492, toa 80, weka MTU = 1412 kwenye faili la mipangilio chini ya Interface, zima uwashe. Ikikataa pima kwa ping ukiwa ndani ya VPN kama alivyofanya dada, anza 1384 maana 1412 toa 28, ushuke kidogo kidogo mpaka ijibu. Kama unatumia Linux ni ping -M do -s badala ya -f -l.

Pwani Mchanganyiko, saa 12:01 jioni

1412 imekubali. Faili la mega 300 lashuka sasa hivi nalitazama. Shukran sana.

Chumvi Nyingi, saa 12:30

Mimi na waya wangu wa baharini tunaomba radhi.

Dada Mahesabu, saa 1:10 usiku

😂😂 Umesamehewa. Nimebandika plasta nyeupe chini ya ruta nimeandika kwa maka peni MTU 1492 USIGUSE na jina la mdogo wangu pembeni, maana Krismasi anakuja.